Kuuguza na Kuuguzwa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba afya na akaumba maradhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ewe ndugu msomaji: ni desturi ya watu, wakisha kutoka katika mwaka wa maradhi, kusema, "Maradhi yametukutanisha." Husema hivyo barazani, na wasikilizaji hutikisa vichwa. Nami nimelisema neno hili kwa ulimi wangu. Lakini ndani yake mna mas'ala yatakayo kufikiriwa. Ikiwa maradhi ndiyo yaletayo mapenzi katika nyumba, mbona basi twamwomba Mungu afya asubuhi na jioni, kama tulivyofundishwa? Na ikiwa si maradhi yaletayo mapenzi, ni kitu gani? Na tena, mapenzi yaliyoingia nyumbani pamoja na homa, je, hayatatoka pamoja nayo?

Nitaeleza kwanza yaliyotupata sisi, kisha tutazame mas'ala. Sitataja majina, kwani faida haimo katika majina.

Baba yangu alitoka pwani akiwa kijana, akaenda Tabora kufanya kazi ya reli, akaoa huko mke wa pili, akakaa. Mimi nilizaliwa Bagamoyo na ndiko nikaako. Ndugu yangu wa kwa baba alizaliwa Tabora. Baba alikuwa na shamba dogo la miembe nje ya mji. Miembe ya Tabora, kama ijulikanavyo, ni alama ya njia ya misafara, kwani watu wa pwani waliipanda mahali walipotua. Kwa ajili ya shamba hilo mimi na ndugu yangu tulihitilafiana, na maneno yakakatika baina yetu miaka minne. Hakuna aliyempiga mwenziwe, wala aliyekwenda kwa kadhi. Tulinyamaza tu, na kunyamaza huko tukakuita heshima.

Mwezi wa Septemba, miembe ikiwa katika maua, mama mdogo alinipigia simu akasema, "Mwanangu, baba yako anakohoa siku nyingi, na sasa anatema damu. Yeye anasema ni vumbi la kiangazi. Njoo." Nikapanda treni. Tulipompeleka hospitali walimpima makohozi, wakasema ni kifua kikuu, nacho chapona, kwa sharti mgonjwa ameze dawa kila siku kwa muda wa miezi sita, wala asiruke. Dawa hutolewa bure. Lakini mwenye kuimeza siku mbili akaiacha siku tatu huwafundisha vijidudu kuishinda, na maradhi yakirudi huwa magumu kuliko kwanza. Kwa hiyo desturi ya tiba hii ni kuwa mgonjwa achague mtu wa kumsimamia amezapo dawa, amwone kwa macho.

Wakamwuliza baba: "Nani atakusimamia, mzee?" Mimi nimeketi ubavuni mwake, mkubwa wa watoto wake, nimesafiri zaidi ya kilomita 800. Baba akataja jina la ndugu yangu. Nikaona kama nimevuliwa kanzu mbele ya watu.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mwanzo. Sasa na tutazame mas'ala.

Neno la kwanza ni hili: maradhi peke yake hayakutanishi watu. Ushahidi wake uko katika njia ile ile ya Tabora. Wazee wetu walipokwenda bara kwa miguu, safari ya kutoka Bagamoyo hata Tabora ilikuwa ya miezi, na watu walikuwa wakila pamoja, wakilala pamoja, wakiimba pamoja. Hata hivyo mpagazi akishikwa na ndui, aliachwa njiani. Na mtumwa aliyeshindwa kwenda, ambaye hakuja kwa hiari yake, hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Tusifiche jambo hili kwa kuwa waliolifanya ni wetu. Ndui ilikuwako, na mateso yalikuwako, lakini udugu haukuzaliwa, kwani msafara haukuwa tayari kusimama. Watu waliogopa njaa, waliogopa kuambukizwa, na bidhaa zilikuwa zangojewa pwani. Kwa hiyo twajua ya kuwa maradhi yaweza kuwakuta watu mia, na kila mmoja akabaki peke yake.

Na si misafara tu. Mangapi majumba yetu ambayo maradhi yameyavunja? Mzee ameanguka, na watoto wake wanahesabiana nani ametoa fedha ya dawa na nani hakutoa. Dada mmoja anamgeuza mama kitandani usiku na mchana, na ndugu zake wanaume wanampigia simu kumwambia afanye hivi na asifanye vile. Mgonjwa akisha kufa, chuki ile huzikwa naye nusu, na nusu hubaki nyumbani.

Neno la pili: kinachokutanisha ni kusimama. Namaanisha kuacha shughuli yako, na mara nyingine fahari yako, kwa ajili ya mgonjwa. Na katika hili hapana mfano ulio wazi kuliko wa Sayyidna Uthman bin Affan, Mungu amwie radhi. Mwaka wa 2 wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badr, mkewe Ruqayya, binti Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamuru Uthman akae Madina amuuguze, akamwahidi thawabu ya aliyehudhuria vita na fungu lake katika ngawira. Tafakari, ndugu yangu. Badr ndiyo siku ambayo kila Mwislamu angependa kuwa alikuwako. Uthman alikaa chumbani na mwanamke mgonjwa, wala mkewe hakupona. Habari za ushindi zilifika Madina watu wakiwa katika kumzika. Kwa hesabu ya dunia mtu huyu alikosa vyote viwili: hakupigana, wala aliyemuuguza hakuishi. Lakini kwa hesabu ya Mtume alihesabiwa miongoni mwa watu wa Badr.

Hapa pana faida mbili. Ya kwanza ni kwamba kuuguza si kazi duni ya kuachiwa wanawake, kwani aliyeamrishwa kukaa alikuwa mwanamume, tena mwenye mali na cheo. Ya pili ni kwamba thamani ya kuuguza haipimwi kwa kupona kwa mgonjwa. Anayeuguza ili apate sifa ya kuponya, mgonjwa akifa huona amepata hasara. Anayeuguza kwa kuwa ni haki ya mgonjwa, kazi yake imetimia usiku ule ule alioifanya.

Sisi watu wa pwani tuna kosa katika jambo hili, nami najihesabu humo. Twajua sana kumzuru mgonjwa. Tumefundishwa ya kuwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na twaitimiza: twavaa kanzu, twaingia, twasema "Mungu atakuafu," twakaa robo saa, twatoka. Jambo hilo ni jema, na thawabu yake ni kubwa. Lakini kuzuru si kuuguza. Anayezuru huonana na mgonjwa akiwa ameoshwa na shuka imebadilishwa. Anayeuguza ndiye aliyeosha na kubadilisha. Na mara nyingi mgonjwa ni baba yetu wenyewe, nasi twamzuru kana kwamba ni jirani! Ikiwa wajibu huu ni wa kutoshelezana, akitimiza mmoja wengine wasipate dhambi, basi tumeufanya kuwa njia ya kukimbilia: kila mmoja hudhani mwenziwe ametimiza, na mwisho mzigo wote umo kichwani mwa mwanamke mmoja ambaye hakuna aliyemwuliza kama amelala.

Nyumba ya baba ni ya matofali mabichi, na dirisha la chumba chake lilikuwa dogo kama kitabu. Tuliambiwa ya kuwa kifua kikuu huenezwa kwa pumzi ya mwenye kukohoa, na kwamba majuma ya mwanzo, mpaka dawa ishike, alale peke yake mahali penye hewa. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kumtenga mzee ni upungufu wa tawakkul. Sikumlaumu, lakini Sayyidna Umar naye alirudi njiani aliposikia tauni imo Sham, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Kujihadhari na kutegemea haviondoani.

Basi dirisha lilitaka kupanuliwa. Ndugu yangu alichukua sururu upande wa nje, nami nikakaa ndani kushika boriti ili ukuta usimwagike. Maneno ya kwanza baina yetu baada ya miaka minne yalikuwa haya: "Shika hapo, kaka." Nami nikasema, "Nimeshika." Hatukupatana kwa maneno, wala hapakuwa na mzee wa kutusuluhisha. Palikuwa na ukuta na mgonjwa, na kazi isiyoweza kufanywa na mtu mmoja.

Ndipo nilipoanza kufahamu ya kuwa moyo mara nyingi hufuata mkono. Twangoja mpaka tupendane ndipo tusaidiane, na mambo huenda kinyume: watu husaidiana kwa kuwa haki imewalazimu, kisha mapenzi huja nyuma kama mgeni aliyechelewa. Kwa sababu hii sheria haikutuamuru kwanza tuwapende wagonjwa wetu; ilituamuru tuwatimizie haki yao.

Neno la tatu ni zito, nalo lilinipata mimi mwenyewe. Juma la tatu nikashikwa na malaria. Mimi niliyekuja kumsaidia baba nikalala chumba cha pili, natetemeka chini ya mablanketi mawili. Ndugu yangu akawa na wagonjwa wawili. Humpa baba dawa yake asubuhi, kisha huja kwangu na uji wa ulezi uliotiwa asali, hunikalisha, hunishika kisogo. Usiku mmoja nilitapika juu ya mkono wake. Hakusema neno; alitoka akaosha, akarudi.

Siwezi kukueleza jinsi nilivyoona haya. Kumwuguza baba nilikuwa tayari, kwani mwenye kuuguza ana heshima yake, na watu wanamsifu. Tumefunzwa ya kuwa mkono wa juu ni bora kuliko wa chini, na maana yake ni kututia moyo wa kutoa. Lakini nafsi zetu hulichukua fundisho hili zikalifanya daraja ya kupandia. Twapenda kutoa kwa kuwa atoaye hukaa juu. Nilikuwa tayari kumsamehe ndugu yangu siku yoyote, kwa sharti nisamehe kutoka juu. Mungu akanilaza chini, na mkono uliokuwa juu ukawa wake.

Kwa hiyo nasema: nyumba haikaribiani kwa kuwa mmoja ni mwema na wengine wanapokea wema wake. Nyumba ya namna hiyo ina mfadhili na wafadhiliwa, na mfadhili aweza kuwa dhalimu asijijue. Nyumba hukaribiana pale kila mmoja anapokuwa ameosha na ameoshwa. Na kukubali kuuguzwa bila ya kukasirika ni ibada ngumu kuliko kuuguza, kwa kuwa haina sifa.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Fikiri kisa cha Nabii Ayyub, amani imshukie. Sisi humkumbuka kwa subira yake, na ni haki. Lakini husahau ya kuwa wafasiri wanataja mkewe aliyemtumikia, na kwamba alimkasirikia katika ugonjwa wake akaapa atampiga. Na Qur'ani yataja ya kuwa Mungu alimwamuru achukue kicha cha majani apige kwacho, asivunje kiapo. Maulamaa wanasema huko ni kumhurumia mke yule, asiumizwe baada ya huduma yake. Basi ikiwa Mtume mwenye subira aliweza kutokwa na neno kali kitandani, sisi tutokwe na mangapi? Maradhi hunoa ulimi. Baba yetu alipoona mkojo wake umekuwa mwekundu kama chungwa, alimgombeza ndugu yangu akidhani amepewa sumu. Kumbe ni rangi ya dawa, nasi tulikwisha kuambiwa tukasahau kumwambia. Jioni alimwita, akamshika mkono, akasema, "Mwanangu, nisamehe, ni hofu." Mzee wa miaka sabini kumwomba msamaha mwanawe! Neno lile lilifanya kazi kuliko vidonge.

Neno la nne ni juu ya methali yetu isemayo, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Methali hii ni kweli kwa sehemu. Lakini mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya safari ya siku zaidi ya 130 kutoka pwani. Walikuwa wamedhoofika kwa homa. Waliporudi kutoka ziwa Tanganyika mwezi wa Juni 1858 walikuwa wagonjwa tena. Aliyewapokea na kuwaangalia ni mfanya biashara Mwarabu, Snay bin Amir al-Harthi. Hawakuwa damu yake, wala dini yao si yake. Na Burton alimtaja kwa shukrani katika kitabu alichokitoa mwaka 1860. Katika njia ile ile ambayo wapagazi wenye ndui waliachwa, palikuwa na mlango mmoja uliofunguka. Kwa hiyo njia siyo iliyokuwa na kosa, wala maradhi siyo yaliyokuwa na wema. Ni mtu ndiye aliyechagua kusimama au kupita.

Na sisi pia tulifunguliwa milango. Wanyamwezi na watu wengi wa pwani ni watani, na utani huu ulikuzwa na safari hizo za zamani. Mtani wa baba, mzee wa Kinyamwezi, alikuja kila asubuhi, akasimama nje ya dirisha jipya, akasema, "Mwangaluka! Bado hujafa? Nimekwisha kuahidi watu pilau ya matanga yako." Baba alicheka mpaka akakohoa. Mtani huyu hakuzaliwa naye, na alikuja kuliko wazaliwa wengi. Basi yafaa tuifahamu methali hivi: mzaliwa nawe ndiye mwenye wajibu wa kwanza, wala hana udhuru, lakini wajibu si ukuta wa kuwazuia wengine.

Sasa nirudi katika suali la mwanzo. Je, tuyashukuru maradhi? La. Maradhi ni mtihani, na mtihani hauombwi. Baba alipoteza nguvu ambazo hazijarudi, na mama mdogo alikonda kwa kukosa usingizi. Yeyote asemaye ya kuwa yale yalikuwa heri tupu hakuwako usiku. Tunachoshukuru ni kuwa, yalipotujia, Mungu alituwafikia kusimama. Aliyetumbukia kisimani akakuta pete haishukuru kutumbukia, ila pete haikatai.

Na je, ukaribu ule utakaa? Hili ndilo linitialo hofu. Dawa zilikwisha mwezi wa Machi, na makohozi yakaonekana safi. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi Bagamoyo. Siku moja nilimwuliza baba kwa simu lile lililoniuma tangu Septemba: "Baba, kwa nini hukunichagua mimi?" Akasema, "Wewe ungekuja, kisha ungeondoka, yeye yupo. Na tena, ukiwa Bagamoyo, habari za dawa zangu ungemwuliza nani kila siku, kama si yeye?" Nikanyamaza. Kumbe mzee alipokuwa akitema damu, alikuwa akitutibu sisi. Miezi mitano nilikuwa nikimpigia ndugu yangu kila asubuhi kuuliza, "Amemeza?" naye hunijibu, "Amemeza, kaka." Na baada ya neno hilo hufuata jingine, na jingine.

Dawa sasa hazimo, na sababu ya kupiga simu imekwisha. Hapo ndipo penye mtihani wa pili, nao hauna daktari. Watu wengi hukaribiana kwa mgonjwa, na mgonjwa akipona au akifa, kila mmoja hurudi katika kona yake, kwa kuwa walikuwa wakishika boriti, na boriti imekwisha kutiwa. Dawa yake naona ni moja: kuendelea kufanya bila sababu yale tuliyoyafanya kwa sababu. Bado nampigia kila asubuhi. Siku nyingine hatuna la kusema, hunieleza bei ya asali tu.

Shamba la miembe halijagawanywa hata leo. Mwezi wa Desemba, baba akiwa kitandani, maembe yaliiva yakaanguka, na watoto wa mtaa wakayala, wala hakuna kati yetu aliyeyahesabu. Bado tunahitilafiana juu ya mpaka wake, lakini sasa twahitilafiana hali tumeketi mkeka mmoja.

Basi, ndugu yangu, kama nyumbani kwenu yumo mgonjwa, usiishie kumzuru. Uliza ni nani aliyekesha jana, umwambie alale, ukae wewe. Na ikiwa wewe ndiwe uliyelala, na mkono ukushikao ni wa ndugu usiyesema naye, usiugeuzie uso ukutani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu, awape subira wawauguzao, awarehemu waliotangulia, na atuunganishe katika afya kama alivyotuunganisha katika maradhi. Amin.